Chupa Iliyobaki Garini

Ferdinand aliipika mbege yake mwenyewe, pombe ya ndizi na ulezi, kwenye jiko la umeme la nyumba ya kupanga huko Adelphi, Marekani, na asikwambie mtu, ilikuwa imeiva. Ndizi alizinunua University Boulevard, akaziacha mpaka maganda yakawa meusi. Ulezi aliuotesha kwenye beseni bafuni, mkewe Edna akilalamika kwamba hana pa kuogea. Alitaka wakwe wakifika wakute pombe ya mwenye nyumba. Kwao Kibosho, Kilimanjaro, mgeni wa posa hakaribishwi kwa soda.

Ila binti yake hakutaka. Vaileth ni mhandisi wa vyombo vya anga pale Greenbelt, na Ferdinand humtaja hata kwa mtu aliyemuuliza saa tu. Asubuhi ile alifunua ndoo, akakitazama kile kinywaji cha rangi ya udongo chenye chembe za ulezi zikielea juu, akafunika. Kiswahili anakielewa chote, lakini kujibu hujibu kwa Kiingereza. Akaeleza kwamba baba wa mchumba wake Kenta ni mtu mwenye heshima zake, na analeta sake, pombe ya mchele ya kwao Japani, angavu kama maji. Ile ndoo ibaki jikoni.

"Baba, please. Not today."

"Sawa, mama," alijibu Ferdinand.

Lakini ilimchoma. Miaka yote aliyopanda juu ya mapaa kutengeneza viyoyozi vya watu, hakuna aliyewahi kumfanya aionee haya asili yake, na sasa ni huyu wa kumzaa mwenyewe. Akajikaza kisabuni. Siku ilikuwa ya Vaileth, na neno alikwisha kulitoa.

Alasiri wakaja. Mzee Haruo, mgane mwembamba mwenye suti ya kijivu, aliinama mlangoni. Ferdinand naye akainama, kitambi kikimzuia njiani. Nyuma alisimama Kenta, mposaji mwenyewe, akichekacheka kwa woga. Edna akawaketisha, akaleta ndizi na nyama. Mzee akatoa chupa tatu na vikombe vidogo vya udongo, akavipanga mezani kwa utaratibu wa padri altareni. Ferdinand hakuwa ameonja sake tangu azaliwe, na hilo hakutaka lijulikane.

Hapo ndipo alipoharibu. Aliichukua chupa ya kwanza, akajimiminia, akapiga funda moja mbele ya wageni, kisha akatulia kidogo kama inavyopasa. Kwao mwenye nyumba huonja kwanza, ili mgeni aone kwamba hakuna sumu. Kenta akakodoa macho. Vaileth akayafumba ya kwake. Kenta akaeleza kwa upole kwamba kwao mtu hajimiminii, humiminia mwenzake, naye husubiri kumiminiwa. Ferdinand alihisi masikio yanawaka moto. Akaeleza desturi ya kwao, lakini hata yeye alijisikia kama mtu anayetafuta kisingizio. Mzee Haruo alisikiliza mpaka mwisho, akachukua chupa na kummiminia.

Basi akaonja, na tuseme ukweli, alitaka kuichukia. Ile ya kwanza ilikuwa ya baridi, ikinukia tikiti lililokatwa sasa hivi, na ilipita kooni bila kuaga. Akawaza, hii ni pombe ya watu wanaosubiri kupigwa picha. Ya pili ilikuwa kavu. Ilimkausha ulimi, na alipokwisha kuimeza ndipo ikarudi na ladha ya ukoko, ule wali ulioshika chini ya sufuria. Hapo alikubali moyoni kwamba aliyeipika anaijua kazi yake. Ya tatu mzee aliomba ipashwe moto. Ferdinand akashangaa, pombe ya moto tangu lini? Lakini ilipofika tumboni ilitulia kama supu ya mifupa siku ya mafua, na mabega yake yakashuka.

Mzee alimuuliza ameonaje. Ferdinand, kwa kukosa maneno ya kitaalamu, akataja ule ukoko. Edna ikabidi alete sufuria ya wali kutoka jikoni na kuonyesha kwa kijiko jinsi unavyokwanguliwa. Mzee akacheka mpaka akapangusa macho. Alisema kwamba hata kwao watoto hugombea ukoko, na yeye ndiye aliyekuwa akishinda.

Pengine ni ukoko uliomfungua. Alimnong'oneza mwanawe, na Kenta akatikisa kichwa kukataa, uso umemwiva. Mzee akainuka mwenyewe, akatoka hadi garini, akarudi na chupa ya nne imeviringishwa gazeti. Alisema Kenta alimsihi aiache, kwamba si ya kupelekea wakwe, watadhani imeharibika. Akaitikisa, akamimina. Ikatoka nyeupe, nzito, chembe za mchele zikielea. Aina hii, akasema, ndiyo mama yake aliyokuwa akiipika shambani, na hizo nyingine ni nzuri, lakini hii ndiyo pombe.

Ferdinand alikunywa, akatafuna, akameza. Ilikuwa tamu, na uchachu ulikuja kwa mbali. Aliona fahari, na haikuwa ya ndoo yake tu. Alimwonea fahari pia huyu mzee aliyeinuka kwenda garini, jambo ambalo yeye mwenyewe hakuthubutu hata kwa hatua chache za kwenda jikoni.

"Hii naijua," alisema.

Hakuinuka. Alikuwa ameahidi. Alimtazama tu binti yake. Vaileth alikuwa akiziangalia zile chembe za mchele kwenye kikombe chake, kisha akamwangalia Kenta, aliyekuwa ameinamisha kichwa kama mtoto aliyekutwa na kosa. Nafikiri alijiona humo. Akasukuma kiti, akaenda jikoni, na wote wakasikia kifuniko cha ndoo.

Alirudi ameishika kata kwa mikono miwili, kile kibuyu cha kunywea ambacho Ferdinand alikuja nacho kutoka Kibosho, kimejaa pomoni, mbege ikimdondokea kwenye gauni lake la Jumapili. Akasimama mbele ya mzee Haruo, lakini akageuka.

"Baba," alisema, kwa Kiswahili, mbele ya wote, "onja kwanza."

Ferdinand hakunyoosha mkono. Alikuwa amekwisha kufundishwa, akasubiri. Mzee Haruo akaelewa. Aliipokea kata kutoka kwa Vaileth, akazunguka meza, akampelekea yeye mwenyewe.

Ferdinand akaonja, akatulia kidogo kama inavyopasa, akampa mzazi mwenzake. Mzee akanywa, akatafuna ulezi, akairudisha kata ijazwe tena.