Kitambaa cha Chini ya Lundo

Kitambaa cha mama kilikuwa kimetandazwa mezani, na katikati yake palikuwa na tundu la mraba ambamo ningeweza kupitisha kichwa. Pembe zote nne hazikuwepo. Upande mmoja palikosekana vipande viwili vyenye umbo la kola, vilivyokatwa vizuri, kwa mkono uliojua kazi yake. Mkono huo ulikuwa wangu. Ilikuwa Jumatano mchana, harusi ya mdogo wangu ilikuwa Jumamosi, na mama alikuwa sebuleni akinywa chai, akisubiri kujaribu gauni ambalo nilikuwa nimemwambia limebaki mikono tu.

Miaka imepita, na nikiikumbuka siku ile masikio bado yananiwaka moto.

Ngoja nieleze jinsi mtu mzima mwenye akili timamu anavyofika hapo. Mimi ni karani. Kushona nilifundishwa na mama, ambaye alikuwa fundi cherehani maisha yake yote hadi macho yakamgomea. Aliponiachia cherehani yake nilidhani amenipa mashine, kumbe alinikabidhi ukoo mzima. Mama mkwe alileta mapazia. Shangazi alileta zipu, akaja na nyingine kabla hajachukua ya kwanza. Shemeji yangu, dada wa mke wangu, alikuwa akinenepa na kukonda kila baada ya miezi mitatu, na kila mara sketi zake zilikuja kwangu kusuluhishwa. Jirani yetu mwalimu alileta shati lenye kola iliyochakaa, akasema kama walivyosema wote, "Ni kitu kidogo tu." Sijawahi kuletewa kitu kikubwa. Nyumba yangu ilijaa vitu vidogo hadi tukasahau kwamba chini ya lundo la sebuleni palikuwa na kiti.

Kukataa sikuweza. Nilichoweza ni kupanga, na kwa kupanga sina mpinzani. Nilianza na kapu, nikaongeza sanduku, kisha nikafungua daftari la foleni, lenye majina, vipimo na tarehe. Aliyewahi ndiye angeshonewa kwanza. Daftari lilidumu wiki moja. Foleni ya kweli ilikuwa ya kelele: anayepiga simu mara mbili anapanda juu, anayekuja mlangoni anawapita wote, asiyesema kitu anazama. Mama hakusema kitu. Alileta kitambaa chake cha kijani kilichokolea, nikampima, akakiweka juu ya vingine na kusema, "Ukipata nafasi, mwanangu," kisha akaenda zake. Kikashuka wiki hadi wiki, kikawa ndicho cha chini kabisa. Kilikaa huko miaka mitatu.

Kwa kuwa kilikuwa kizuri na hakichuji rangi, nilianza kukidokoa. Mara ya kwanza ilikuwa ile kola ya mwalimu, iliyohitaji kitambaa cha ndani. Nikavuta ukingo wa kitambaa cha mama kutoka chini ya lundo, nikakata, nikaurudisha. Nilijiambia kwamba kingi kitabaki. Halafu mjomba akataka mifuko mipya ya suruali. Halafu mto wa mama mkwe ukakosa mgongo, na shemeji akakosa kitambaa cha ndani ya kiuno. Kitambaa kilikuwa kimekunjwa mara mbili, kikawa tabaka nne, nami sikuwahi kukikunjua hata siku moja, maana kukikunjua kungenilazimu kukishona. Kila nilipokata pembe moja, nilikuwa nakata nne. Pembe ya ndani, ile ya mikunjo, ndiyo iliyokuwa katikati ya kitambaa. Fundi anayeanza hafanyi kosa hilo. Nililifanya mimi, mtoto wa fundi, kwa sababu nilijua ni nani asingeuliza.

Basi siku hiyo nilisimama mezani nikikigeuza huku na huku. Nikipata kifua, mgongo unakosekana. Nikipata mgongo, sina pa kutoa mabega. Mke wangu aliingia, akatazama lile tundu, akatazama uso wangu.

"Limebaki mikono tu?" aliuliza.

"Nyamaza."

"Nimenyamaza miaka mitatu. Kile kiti nakiona kwenye picha tu."

Nilifikiria kuwasingizia panya. Lakini panya gani anakata mraba? Nilikuwa bado nawaza nani mwingine wa kusingiziwa, mama akaingia na kikombe chake mkononi. Alikiweka mbali na kitambaa, kama alivyonifundisha nikiwa mdogo, akavaa miwani, akainama. Vidole vyake vilipita kwenye kingo taratibu.

"Hapa ni kola," alisema. "Hapa mifuko ya suruali. Huu ni mto?"

"Mto wa mama mkwe."

"Umekata vizuri."

Afadhali angenizaba kibao. Nilimwambia nitanunua kingine leo hii, nitashona usiku na mchana, asiwe na wasiwasi. Alinisikiliza hadi nikaishiwa maneno, kisha akageuka kukitazama kile kiti cha sebuleni kupitia mlango uliokuwa wazi.

"Na hicho kingine utakiweka wapi?"

"Mama, nilidhani huna haraka."

"Sikuwa na haraka," alisema. "Nilikuwa na hamu."

Niliona aibu ambayo sijaiona tena maishani. Yeye hakunipa nafasi ya kuomba msamaha. Alipima kwa shubiri upande uliokuwa umebaki mzima, mrefu na mwembamba, akaniambia mtandio unatoka hapo, nipinde kingo. Nilikaa kwenye cherehani yake nikashona, naye amesimama kando yangu. Kazi ilichukua nusu saa. Alikuwa ameingoja miaka mitatu, nusu saa hiyo.

Jumamosi alivaa gauni lake la zamani la kijivu, na ule mtandio wa kijani mabegani. Nilikaa pembeni yake nimekasirika, kwanza na ukoo, halafu na nafsi yangu, maana hakuna aliyenikaba koo kunilazimisha. Waalikwa waliingia wamependeza kwa kazi yangu. Mwalimu alipofuta jasho shingoni, kijani kilichungulia ndani ya kola yake.

"Yule amevaa shingo yangu," mama alininong'oneza. Baadaye kidogo akamwelekezea kidevu mjomba, aliyesimama mlangoni akipokea wageni kwa mkono mmoja, mwingine mfukoni. "Na kaka yangu ametia mkono kwenye gauni langu, wala hana habari."

Alicheka kidogo. Mimi sikuweza kucheka.

Ndipo shangazi alipotufikia. Alimbusu mama, akamsifu bibi harusi, kisha akafungua mkoba wake na kutoa mfuko wa plastiki uliokunjwa vizuri. Harusini, jamani. "Mwanangu," aliniambia, "nina kitu kidogo tu."

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Neno "lete" lilikuwa limefika kwenye ulimi, na Mungu ni shahidi, ningelisema. Mama alinyoosha mkono, akausukuma ule mfuko taratibu ukarudi ulikotoka.

"Wifi," alisema, "mbele yako kuna mtu."

"Nani tena huyo?"

"Mimi."

Shangazi alinitazama, nami nikatazama viatu vyangu. Akaukunja mfuko, akaurudisha kwenye mkoba.

Jumatatu niliomba ruhusa kazini. Nilinunua kitambaa kingine cha kijani, nikakikunjua chote mezani, nikamsimamisha mama dirishani na kumzungushia utepe. Kiuno kilikuwa kimepungua inchi mbili kutoka vipimo vya daftarini, na mabega inchi moja. Sikuwa nimegundua. Nilivuta daftari nikafuta vile vya zamani, nikainua kalamu niandike vipya.

"Usiandike," mama alisema. "Kata."