Nyama Haina Ukuta

Kinyaa kilimpanda mpimaji wa vyakula asubuhi na mapema, hata chai haijamshuka vizuri. Chini ya hadubini yake kulikuwa na kipande cha soseji kutoka bucha la shemeji yake, mume wa dada yake, lile lenye bango kubwa mlangoni: NYAMA TUPU.

Tupu! Nyuzi za nyama alizijua hata usingizini: ndefu, zenye mistari, viini vimejipanga pembeni, na kila uzi umefunikwa utando laini tu. Seli ya mnyama haina ukuta. Mnyama ana mifupa ya kumsimamisha. Mmea ndio unaojijengea ukuta kuzunguka kila seli. Na humu ndani ya soseji kuta zilikuwa tele.

Alijaribu kumtetea. Labda kitunguu. Lakini seli ya kitunguu ina kiini, na katikati yake kuna nafasi kubwa iliyojaa maji. Hizi zilikuwa mabomba makavu, kuta nene, ndani hamna kitu. Mti uliokufa. Mbao. Akaziba mdomo kwa kiganja.

Aliitwa shemeji, akaja anacheka.

"Shemeji yangu kipenzi! Andika 'viungo', yaishe."

"Viungo gani hivyo? Hii ni mbao."

"Kidogo tu, ya kushikisha. Kwani mti si mboga iliyozeeka?"

Alicheka peke yake. Mafuta yalikuwa yameganda kwenye kucha zake, naye alikuwa ameziegemeza juu ya meza ya watu. Mpimaji alivuta kiti nyuma. Akiandika ukweli, bucha litafungwa, na dada yake na watoto wanne watakula nini? Akiandika viungo, mji mzima utaendelea kutafuna takataka za seremala.

Kalamu ilisita. Damu ni nzito kuliko maji, na huyu dada ndiye aliyemlea. Shemeji akauona mwanya.

"Halafu usidhani ni uchafu. Dada yako huuchekecha mwenyewe huo unga wa mbao, mara mbili, usije ukamkwama mtu kooni."

Dada? Jumapili iliyopita dada alimsukumia soseji tatu kwenye sahani. "Kula, mdogo wangu, umekonda mno." Mwenyewe alikula yai. Watoto wake wote, mayai. Na mpimaji, mjinga wa watu, alijiona mgeni wa heshima.

Mate yakamjaa. Alikimbilia kwenye sinki, akatema, akasukutua, akatema tena. Aliporudi hakukaa. Aliandika kwa herufi kubwa, UNGA WA MBAO, akagonga muhuri.

"Sasa nikamwambie nini dada yako?" shemeji aliuliza, kicheko kimemkauka.

"Mwambie mdogo wake aliyekonda ameshiba."