Siku Kanga wa Uzi Waliporuka Goweko

Pale Ng'ambo, Tabora, enzi za Mwingereza, alikuwapo mwanamke kijana aitwaye Tufaha, mke wa Thabit muuza nguo, ambaye alikuwa na kichaa cha vitambaa. Si vitambaa vyovyote. Alitaka lesi kuukuu zilizofumwa kwa kulabu, tena ziwe na kitu cha porini ndani yake: jani, ndege, hata mdudu. Aliwahi kuvua kikuku chake na kukibadilisha kwa kitambaa kilichotoboka, kisa kina samaki pembeni.

"Huyu," Thabit aliwaambia wenzake barazani, "siku nikivaa kofia ya kufuma, ataniweka kashani pamoja nayo."

Basi asubuhi moja wifi yake, Semeni, alimletea habari kwamba huko Goweko yuko bibi mwenye lesi ya kanga, wale ndege, wakikimbizana kuizunguka. Tufaha aliweka kikombe chini.

"Wana madoa?"

"Nitajuaje? Nimesikia kwa muuza asali."

"Semeni, wana madoa au hawana?"

"Twende ukawaulize wenyewe!"

Jumamosi wakapanda treni. Goweko wakaelekezwa kwa Bibi Apolinaria, mjane wa Kinyamwezi, aliyekuwa kwenye kigoda mbele ya nyumba yake, rozari shingoni, akichambua karanga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Karibuni."

"Tumekuja kuona kanga," Tufaha alisema hata kabla ya kukaa.

Bibi alimtazama juu mpaka chini. "Kanga? Na hizo ulizojitanda ni nini?"

Semeni alicheka mpaka akashika ukuta. Tufaha akaeleza, akichora ndege hewani kwa vidole, na uso wa bibi ukabadilika polepole. Alisimama, akaingia ndani, akarudi anaburuta sanduku la bati.

"Nilifundishwa misheni, nikiwa msichana," alisema. "Sista alitaka tufume mawaridi. Waridi mimi nimelionea wapi? Nikafuma nilichokutana nacho njiani kwenda kisimani. Alipoona mjusi wangu alipiga ukelele, kisha akacheka, akanipa uzi zaidi."

Akafungua. Tufaha aliziba mdomo kwa mikono miwili. Mlikuwa na kumbikumbi wenye mabawa membamba kama pumzi, maua ya tumbaku, nyuki wakiingia mzingani, kobe, kiwavi aliyejikunja. Na chini kabisa kanga, wamejaa madoa, mmoja amegeuza shingo kama aliyeitwa.

"Wana madoa, Semeni! Wana madoa!"

"Hazijaona jua tangu mume wangu Dionis afariki," bibi alisema. "Sikuona wa kumtandikia."

Kwa kuwa zilinuka sanduku, wakazitandaza juu ya ua wa minyaa zipate hewa. Hawakujua kwamba upande wa pili, shambani, chamchela ilikuwa imeanza kuzunguka. Ilikuja na vumbi na majani makavu, ikapita juu ya ua, ikazikomba lesi zote mara moja.

Kijiji kizima kiliona. Kobe alipaa. Kumbikumbi waliruka kweli. Nyuki walitua kwenye pembe ya ng'ombe wa mzee Masolwa, naye ng'ombe akaondoka mbio amevaa kama bibi harusi. Katekista Raymundi, aliyekuwa akipita na baiskeli, alifunikwa uso na mjusi, akaingia moja kwa moja kwenye rundo la mabua.

"Kamateni!" Tufaha alipiga kelele, anakimbia, kandambili moja mguuni. "Kamateni wanyama!"

Wanawake waliacha vinu, wazee waliacha bao. Na katikati yao, amekunja kitenge mpaka magotini, alikimbia Bibi Apolinaria, anawaita kanga wake kwa Kinyamwezi na kucheka kwa sauti ambayo majirani walikuwa wameisahau.

Upepo ulipotulia, watu walirudi uani wakihema, kila mmoja na alichokamata. Tufaha alikuwa na kiwavi tu. Kila alipojaribu kukamata nyingine, alianguka kwa kicheko. Akanyoosha mikono kuzipokea zile nyingine, lakini bibi akamzuia.

"Aliyekamata, achukue."

"Bibi! Hata kanga?"

Kanga walikuwa wamemtua katekista palepale kwenye mabua, na sasa wamo mikononi mwake. Tufaha alihisi machozi yakimlenga. Raymundi, mabua yamejaa kichwani, aliitandaza ile lesi, akaitazama, akaikunja vizuri, akaikumbatia kifuani kama mtoto mchanga. Tufaha akatazama huku na huku: mjusi juu ya kichwa cha mama mmoja, kobe begani kwa Masolwa, na Bibi Apolinaria akiwapitia wote, akiwaeleza kila mnyama yeye alimwona wapi alipokuwa msichana. Kicheko kikampanda upya, kikayala machozi yote.

Treni ya kurudi iliwaacha. Walilala Goweko, na asubuhi Tufaha akakuta kigoda cha pili kimewekwa mlangoni; akakaa, bibi akamshika vidole kumfundisha kutumia kulabu.

"Sasa niambie, mwanangu. Jana umemwona mnyama gani?"

"Ng'ombe, bibi," alisema Tufaha. "Amevaa lesi."