Goli ya Kambere

Mu radio moja ya Bungulu, kule Beni, mutangazaji Léa alimuuliza mzee Gamaliel, arbitre, ni kusema refa, wa match ya kwanza kabisa ya ligue ya mupira ya Beni na Butembo, zamani: "Papa, nani aliingiza goli ya kwanza?"

"Kambere," mzee akajibu mbiombio.

Palepale akajua amekosea. Kwa Banande, mutoto mwanaume wa pili mara mingi anaitwa Kambere, na équipe zote mbili za ile match zilijaa ba Kambere. Simu zikaanza kulia. Kambere wa kule Masereka: "Ni mimi!" Kambere wa kule Rughenda: "Ule ni muongo, ni mimi!"

Gamaliel akakasirika, akavuta micro. "Baongo! Kambere ule aliingiza mupira mu goli ya équipe yake mwenyewe!"

Simu zote zikanyamaza.

Kisha moja ikalia. Muzee mwenzake, anacheka: "Papa arbitre, ni mimi. Mais umesahau: nilikimbia nacheza kwa furaha mpaka kwa corner, mbele ya kujua tumejifunga."

Gamaliel akacheka mpaka machozi. "Ni huyu, Léa! Sifa, batu banaiba. Aibu, hapana."