Armel Hangoji Tega

Armel aliingia kwangu mtaani Buyenzi Jumamosi mchana, akakanyaga mkeka na viatu vyake. Nikamwacha. Nilitaka kumwona mpaka mwisho.

Huyu ndiye shefu, mkubwa wa kazi, wa mjukuu wangu Houda, kule ofisini Rohero. Wanaandika programu ile ya chini kabisa, inayoamka kwanza kompyuta ikiwashwa. Armel ameandika kipande kinachoiuliza prosesa, ubongo wa kompyuta: we ni nani, unajua kazi gani? Houda ndiye wa kukipitia. Bila yeye kukubali, hakiingii popote. Na Armel alitaka kiingie leo, kwenye mashine ya kuchonga vyuma ya mwanangu Moubarak, baba yake Houda. Kompyuta inayoiendesha imemzidi Houda umri. Programu ya zamani ikishafutwa, hairudi. Mpya ikigoma, karakana imekufa.

"Kubali tu," Armel alisema. "Nimejaribu kwa kompyuta tatu, zote zimejibu."

"Zote mupya, shefu," Houda akajibu. "Ya baba haijui hilo swali. Ukiiuliza, inaganda."

"Apana! Mi nimesoma Ulaya." Akaniangalia mimi bibi kama ndiye niliyemnyima viza. "Na we, Meme, ulifika wapi?"

"Darasa la sita, hapa hapa. Vitendawili unavijua?"

"Sana!"

"Nitegee kimoja."

"Ananifuata sokoni, hanunui kitu."

Nikaendelea kumenya maharage. Akakohoa.

"Meme, jibu basi!"

"Kumbe unasema na mimi? Mutu anaita kwanza, 'Kitendawili!' Akisikia 'Tega,' ndio anauliza. Asiposikia, anaenda zake na kitendawili chake. Mutoto wa miaka mine anajua."

Houda akacheka mpaka akashika mbavu. "Ni hicho, shefu! Ndani ya prosesa kuna alama moja. Jaribu kuigeuza. Ikigeuka, imesema tega, uliza. Ikikataa, usiulize, ihesabu kuwa ya zamani, endelea."

"Hiyo nitaongeza kesho. We kubali leo."

"Apana."

Msomi wa Ulaya akachezea simu. Houda akaandika mistari minane mwenyewe. Wakaenda karakana hapo nyuma, na baada ya kitambo nikasikia mashine ya Moubarak ikinguruma.

Armel akarudi simu sikioni: "Ndiyo, nimerekebisha kitu kidogo..."

Nikaleta ugali na ndagala, dagaa wa ziwani. Houda alikuwa bado anamimina maji ya kunawa. Shefu keshatia mkono kwenye sahani.