Betri Moja Kuukuu

Kasiki ya shule, sanduku la chuma la kufungia mitihani, ilikuwa na tabia ya kujibu. Ukibonyeza namba ilisema "pii", ukimaliza namba zote sita ilisema "pii-pii", taa ya kijani ikawaka na mlango ukalegea. Asubuhi ya mtihani wa hesabu Mwalimu Mkuu alibonyeza namba ya kwanza, na kasiki ikamnyamazia kama mkwe aliyeudhiwa.

Akabonyeza tena. Kimya. Akafuta kidole kwenye sketi, akabonyeza kwa nguvu. Kimya kile kile.

Mlangoni alikuwa amesimama Mama Stoo na rundo la karatasi za kujibia kifuani. Alikuwa ametunza stoo ya shule ile miaka kumi na tisa, na ubahili wake ulikuwa na sifa zake: kwake chaki haikuitwa imekwisha mpaka ilingane na punje ya mahindi, na ufagio hakuutupa mpaka abaki anafagia kwa mpini. Wote waliokuwamo ofisini walikuwa wakishangaa. Yeye peke yake alijua kilichokuwa nyuma ya mlango ule wa chuma.

Betri nne. Tatu mpya, moja kuukuu.

Muhula uliopita alipewa betri nne mpya abadilishe zote. Akatoa za zamani, akaziangalia, roho ikamuuma. Ile moja mbona bado inang'aa? "Wapya watamshika mzee mkono," alijiambia, akamrudisha mzee ndani pamoja na vijana watatu. Kijana wa nne akamlaza kwenye droo, akiba. Siku ile alijiona mwerevu kupita kiasi.

"Saa mbili na robo," alisema Msimamizi. Huyu alikuwa mgeni, katumwa na ofisi ya mitihani, mtu mrefu mwenye shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo yake ingeweza kukata mkate. "Mwalimu, sheria unaijua. Mtihani ni saa tatu. Nusu saa ya ziada ninayo, sina zaidi. Ikifika saa tatu na nusu bahasha hazijafunguliwa, kituo kinafutwa, watoto wanarudi mwakani."

"Nimwite fundi akate bawaba?"

"Ikikatwa, kituo kinafutwa."

"Sasa tufanyeje?"

Msimamizi akaipapasa karatasi ya lakiri iliyobandikwa kwenye ukingo wa mlango. Ilikuwa nzima. Hata hivyo akatoa kalamu. "Kasiki haiwi bubu yenyewe, Mwalimu. Imechezewa. Na nikishaandika 'imechezewa', hapo mimi na wewe hatuna la kuzungumza tena."

Mama Stoo akageuza macho dirishani. Watahiniwa themanini na wanne walikuwa wamepanga mstari kwenye varanda. Wa tatu kutoka mwisho alikuwa kitindamimba wake. Mwaka jana, siku ya mtihani huu huu, homa ilimlaza mtoto yule kitandani mpaka akawa anaita meza mama. Mwaka mzima amerudia. Mwaka mzima ameamka kabla ya jogoo kupata wazo la kuwika. Na sasa betri moja, yenye unene wa kidole!

"Mimi nyumbani nikiona mawe ya redio yamechoka," alisema askari aliyekuja kulinda mitihani, "nayauma kidogo. Yanapata nguvu."

"Yako ndani ya mlango, afande," Mkuu akamjibu. "Labda uume mlango." Kisha akamgeukia Mama Stoo. "Dada, kimbia ng'ambo. Mwite Babu Maabara."

Babu Maabara alikuwa amestaafu miaka sita iliyopita, lakini koti lake la maabara halikustaafu. Alilivaa hata akimwagilia mchicha. Nyumba yake iligusana na uzio wa shule. Alisifika kwa mambo mawili: kujua na kudanganya, na alikuwa na ufundi wa kuvichanganya usijue kimoja kimeishia wapi. Aliwahi kuapa kwamba aliendesha harusi nzima, muziki na taa, kwa ndimu mia tatu.

Akaingia na ndara. "Nani kafa?"

"Kasiki," alisema Mkuu.

"Huyo? Huyo hafi, huyo kazimia. Njaa tu." Akapiga goti, akabandua kipande cha mpira chini ya namba. Hapo pakatokea nukta mbili za shaba, ndogo kama vichwa vya pini. "Mnaona? Mdomo wake wa dharura. Analishwa kwa nje, lakiri haiguswi, na namba anabonyeza mwenyewe Mkuu. Bwana Msimamizi, hapo kuna kosa?"

Msimamizi akachungulia nukta zile kwa muda mrefu. "Kwa nje, sawa. Mbele yangu."

"Anataka volti tisa. Kuna betri ya mraba?"

Hakuna aliyekuwa nayo, na duka halifunguliwi mpaka saa nne.

"Basi tutaijenga. Hizi za kidole zina volti moja na nusu kila moja. Tukizipanga foleni, kichwa cha huyu kwenye kitako cha yule, zinajumlishana. Zikiwa sita?"

"Tisa," alisema Msimamizi kabla hajajizuia.

"Umefaulu. Mama, droo yako!"

Mama Stoo akaja na droo nzima mikononi. Zilikuwamo betri kama arobaini, akiba ya miaka. Babu akachagua sita zenye kung'aa, akazipanga ndani ya ratiba ya zamani aliyoiviringisha kama mrija, akabana kwenye ncha zake nyaya mbili alizotoa mfukoni mwa koti, akagusisha kwenye shaba. Saa mbili na dakika thelathini na tano.

"Bonyeza, Mkuu."

"Pii," ilisema kasiki, na ofisi nzima ikavuta pumzi. "Pii," ya pili. Ya tatu ikatoka "pi…", sauti ikashuka kama mtu aliyesinzia akiomba dua, ikakata.

"Kuna waongo humu," alisema Babu. Akafungua mrija, akachukua betri ya kwanza, akaishika wima juu ya meza kimo cha vidole vitatu, akaiachia. Ikadunda, ikaanguka ubavu, ikabingirika. Ya pili ikadunda. Ya tatu, ya nne, zote zikacheza ngoma mezani.

"Unafanya mazingaombwe?" aliuliza Msimamizi, jicho kwenye saa.

"Nafanya uchunguzi wa maiti. Sikilizeni upesi. Ndani ya betri hii, katikati, kuna unga wa zinki uliokorogwa kama uji mzito. Pembeni kuna manganizi, nyeusi kama masizi. Kati yao kuna kitambaa kilicholowa magadi makali. Zinki ina mzigo inaotaka kuupeleka kwa manganizi, lakini kitambaa kinaukatalia. Lazima mzigo utoke nje, uzunguke kwenye waya, uwashe taa yako, ndiyo uingie kwa mlango wa upande wa pili. Huko kuzunguka ndiko umeme. Sasa zinki ikifanya kazi inapata kutu, na ule uji unakuwa saruji. Uji ukiuangusha unatulia, puu. Saruji inadunda. Betri inaweza kuwa na nguvu ya kusema 'pii', lakini ikiambiwa ivute komeo inalala."

Akaendelea kuziangusha, moja baada ya moja. Zikadunda, zikabingirika, zikaanguka sakafuni, na askari akawa anazifukuza kwa buti.

"Mama," alisema Babu, "hii si droo. Haya ni makaburi."

Moja tu ilianguka puu, ikasimama wima kama askari wa gwaride. Mama Stoo aliitambua: ndiye kijana wa nne. Babu akaigeuza geuza, akasoma tarehe, akainua macho pole pole.

"Hii mpya, na inakaa peke yake. Wenzake wako wapi?"

Nyuma ya Mama Stoo kalamu ikaanza kukwaruza karatasi: Msimamizi alikuwa amekaa kwenye kona ya meza na fomu yake. Mama Stoo akageuka, akaisoma juu chini. *Kasiki ime…*

Miaka kumi na tisa hajawahi kupoteza hata pini. Akisema, jina lake litaliwa na walimu wote pamoja na chai ya saa nne, na huenda kazi nayo iende. Asiposema, mtoto yule wa tatu kutoka mwisho atarudi nyumbani na rula yake.

"Usiandike," alisema. "Ni mimi."

Kalamu ikasimama.

"Haikuchezewa. Niliambiwa nitie nne mpya, nikatia tatu na moja ya zamani. Nilidhani mpya zitaisaidia. Hakuna aliyegusa kitu kingine. Andika jina langu, lakini usiandike lile neno."

Mkuu akafumba macho. Askari akaacha kufukuza betri.

"Zitaisaidia!" Babu akatikisa kichwa. Sauti yake ilikuwa imepoa, utani umemtoka kidogo. "Mwenzangu, vijana watatu wakimkokota mzee asiyeweza tena kutembea, wanamwua. Mpya zinaendelea kuisukumia umeme hata ikiwa imekwisha. Inajaa hewa ndani, inapasuka mshono, magadi yanatoka na kula vyuma. Bwana Msimamizi, mlango ukifunguka utayaona mwenyewe: unga mweupe kama chumvi. Ukiuona, ujue mama huyu kasema kweli. Usipouona, andika neno lako."

Msimamizi akatazama saa. Tatu kasoro dakika nane. Akaiweka kalamu. Kisha akafungua mkoba wake, akatoa tochi, akaifungua kitako. Betri mbili zikaanguka mezani: puu, puu.

"Tatu!" Babu alipiga kofi.

Rimoti ya projekta ya Mkuu ikatoa mbili nyembamba. Zote puu. Tano. Wakaishusha saa ya ukutani. Betri yake ikadunda. "Saa ni mzee asiye na njaa, huishi kwa makombo," Babu aliguna. Tochi ya askari ikadunda. Walikagua kila chumba chenye kitu chenye kitufe. Kengele ya saa tatu ikalia na watahiniwa hawakuingia. Mnong'ono ukapita kwenye mstari kama upepo kwenye mabati. Tatu na dakika kumi na mbili, na bado ni tano.

Mama Stoo akatoka nje. Akatembea kando ya mstari, macho ya watahiniwa wote themanini na wanne yakimfuata, mpaka kwa wa tatu kutoka mwisho.

"Nipe kikokotoo chako."

"Sasa hivi? Mama, mtihani ni wa hesabu!"

"Nipe, mwanangu. Kitarudi."

Binti akakibana kifuani, akamtazama mama yake usoni, akakitoa. Mama Stoo akakifungua mgongo kwa ukucha. Mle ndani zililala betri mbili nyembamba. Moja mpya. Moja ya kutoka kwenye droo. Kwa mkono wake mwenyewe, juzi, ili mwanawe awe tayari.

Alisimama pale na vitu viwili kiganjani, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi machozi yakamlenga.

"Mpya ni ya kushoto," binti alisema taratibu. "Niliona ulivyotia. Nilikuwa nimepanga kuhesabu kwa vidole kikizima."

Saa tatu na dakika ishirini na moja mrija ulipangwa upya, nyembamba zimeviringishiwa karatasi ziende sawa na nene. Babu akagusisha waya kwenye shaba. Mama Stoo akamshikilia kifundo cha mkono. Mkuu akabonyeza. Pii. Pii. Pii. Kwenye namba ya tano waya ukateleza, kila mtu akapiga yowe, ikabidi kuanza upya. Pii, mara sita. Kisha kimya kirefu kuliko vyote.

"Pii-pii."

Taa ya kijani. Komeo likagonga. Msimamizi akaikata lakiri mwenyewe, akavuta mlango, akatoa bahasha, akahesabu, akatoka nazo karibu mbio. Lakini kabla ya kutoka aliinama nyuma ya mlango na kufungua kifuniko cha betri. Unga mweupe ulikuwa umeota pale kama ukungu wa mkate, umeila springi moja mpaka imekuwa uzi wa kijani.

"Msiguse kwa mikono mitupu," alisema Babu. "Hiyo inakula ngozi, na ikiingia jichoni ni balaa."

Mama Stoo alikuwa ameshafika mlangoni. Babu akamwekea mkononi betri mbili za rimoti. "Pacha kwa pacha," alimwambia. "Zilizaliwa pamoja, zife pamoja."

Alimkuta binti yake kwenye kizingiti cha ukumbi, wa mwisho kuingia. Akakifunga kikokotoo, akakiwasha; sifuri ikatokea, nyeusi tii.

"Mama, zinalingana?"

"Zinalingana."

Binti akaingia, na mlango ukafungwa.

Saa nzima iliyofuata Mama Stoo alikaa ofisini na glavu za mpira, akisugua mlango wa kasiki kwa pamba yenye siki, nayo ikichemka povu kila ilipogusa ule weupe. Mkuu alimwekea mbele maelezo ya ukurasa mmoja. "Barua ya onyo itakuja, dada. Sina namna." Mama Stoo akavua glavu moja, akatia saini bila kuomba apunguziwe hata mstari.

Babu alikuwa ameketi na betri thelathini na tisa na selotepu, akifunika ncha za kila moja zisigusane zikapata moto, kisha akizitumbukiza kwenye kopo kavu la plastiki.

"Nilikuwa nakusudia kuzitia kwenye shimo la taka," alisema Mama Stoo. "Pale wanapochoma."

"Thubutu! Ya kwangu moja iliingia jikoni ndani ya makaa. Ilipopasuka, birika liliruka, likatoboa paa, na mpaka leo linazunguka huko juu. Usiku ukiona nyota inayotoa mvuke, ni chai yangu." Akamsogezea selotepu. "Kopo likijaa, kwenye lile duka la vifaa vya umeme wana ndoo ya kuzikusanya. Nitakusindikiza."

Mama Stoo akakata kipande cha selotepu, kifupi mno. Akakitazama. Akakitupa, akakata kirefu.