Ndege Wamemzoea Mwanangu

Usiku wa kuamkia leo niliota ndoto mbaya, na najua ilikoanzia. Ilianzia bombani, kwenye maneno ya Mama Lugano ambayo tangu niyasikie yamekataa kunitoka.

Mama Lugano ni jirani yangu. Tulikuwa tunasubiri ndoo zijae, akaniambia kwamba ng'ambo ya mto kuna binti alikuwa akipiga picha ndege kwa simu. Siku moja hakuja kula. Walipomtafuta waliikuta simu peke yake kwenye majani. Picha ya mwisho ilikuwa ya paa la nyumba yao, imepigwa kutoka juu, na mama yake anaonekana uani anapepeta maharage.

"Labda alipanda mti," nikasema.

"Mti gani, Mama Tusekile? Kwao ni chai tupu mpaka barabarani."

"Nani kakwambia hayo?"

"Mimi sisemi kitu. Mimi nachota maji."

Akajitwisha ndoo akaenda. Mimi nikabaki na hayo maneno.

Maana Tusekile wangu naye ni hivyo hivyo. Dada zake wameolewa, nyumbani nimebaki na yeye tu. Tangu mjomba wake ampe simu, kazi yake ni ndege. Anawapiga picha minana wanaosuka viota migombani, anawapiga chozi, wale wadogo wenye midomo mirefu wanaonyonya maua ya ndizi. Nyuma ya jiko amejijengea kibanda cha majani makavu ya mgomba, ameacha tundu la kuchungulia. Humo anakaa kutwa. Namwita aje ale, haitiki. Nikimgombeza ananiambia masharti yake: utulie, usivae rangi kali, usiite mtu, usubiri mpaka ndege wakuzoee.

"Wakishanizoea, mama, wataniona kama mwenzao."

Alicheka aliposema hivyo. Mimi sikucheka.

Basi katika ndoto ni mchana, viazi vimeiva, nakwenda kumwita. Nafika kibandani. Kibanda ndicho kinachonijibu.

"Hayupo," kinasema.

"Ametoka saa ngapi?"

"Hajatoka. Alitulia mpaka akaisha."

Nachungulia. Ndani kuna kigoda, na juu ya kigoda kuna simu.

"Shikamoo, mama," simu inasema. "Usinishike, una mafuta mikononi."

"Marahaba. Mwanangu yuko wapi?"

Simu inanionyesha picha. Mnana. Mnana. Chozi kwenye ua la mgomba. Tusekile amekaa kwenye tawi, miguu inaning'inia, hatazami upande wetu. Halafu mnana tena.

"Hiyo ya Tusekile kaipiga nani?"

"Mnana."

"Mnana ana mikono?"

"Ana subira," simu inajibu, halafu inazima, chaji imekwisha.

Nageuka nirudi jikoni. Jiko limekuwa ofisi ya kijiji, na ofisi ya kijiji iko juu ya mti. Ndege wamepanga foleni kwenye mabenchi, wametulia kama watu wa kliniki, wote wanatazama chini. Kunguru mmoja aliyevaa koti anawaeleza wageni kwa sauti ya chini.

"Pale karibu na moshi," anasema, "ni jike la binadamu. Hupatikana jikoni asubuhi na jioni. Mlio wake ni 'We Tusekile! We Tusekile!' Msimnyooshee bawa, atakimbilia ndani."

Natazama chini. Ni mimi, nimeinama kwenye mafiga.

"Mbona anatazamatazama hivyo?" mgeni mmoja anauliza.

"Ana wasiwasi. Aina hii wote wana wasiwasi."

Namgusa kunguru bega. "Samahani, natafuta mtoto wangu."

"Umekuja kutazama au kuchukua?"

"Kuchukua."

"Wa kuchukua mlango ule pale."

Napita mlango ule. Nje ni msitu, na mbele yangu kuna mti mkubwa wenye tundu. Hondohondo, yule ndege mkubwa mwenye mdomo kama amebebeshwa mdomo mwingine juu yake, amenipa mgongo, anaziba tundu kwa udongo. Tusekile aliwahi kunieleza kwamba hondohondo humfungia jike wake ndani ya mti hivyo hivyo, akamwachia upenyo mwembamba wa kumlishia. Nilimwambia hayo ni mambo ya ndege, sisi hayatuhusu.

Ndani ya mti mtu anakohoa. Kikohozi cha mwanangu nakijua.

"Tusekile!"

"Mama. Umeleta chakula?"

"Viazi vimeiva. Toka ule."

"Viazi siku hizi sili, mama. Kungekuwa na panzi ningekula."

Pembeni kuna mnana anashikilia karai la udongo. Huyo ndiye anayenieleza utaratibu, tena kwa heshima zote.

"Ni rahisi, mama. Mwenye mtoto anachungulia kwenye upenyo, anamtazama usoni, anasema, 'Huyu ni wangu.' Udongo wote unaanguka. Asipomtazama, unakauka. Hakuna lingine."

"Hakuna lingine kweli?"

"Hata saini hatutaki."

Nasogea. Nauona upenyo. Nauona ukingo wa gauni la Tusekile. Bado kidogo tu niuone uso. Ndipo hondohondo anageuka na kusafisha koo.

Ile sauti ya kusafisha koo ni ya baba mkwe wangu, baba yake mume wangu, ambaye tulishamzika.

Msio wa kwetu niwaeleze. Kwetu mke hamtazami baba mkwe wake. Hasemi naye, hataji jina lake. Akimsikia anakuja njiani, anajifunika kitenge na kuingia majanini, anampa mgongo mpaka apite. Siku hizi wasichana wameacha. Mimi niliolewa wakati bado tunafanya, na mwili wangu umezoea.

Kwa hiyo kabla sijawaza lolote nimeshajifunika. Nimeingia majanini. Nimeupa mti mgongo.

"Mwambie mkamwana wangu," hondohondo anamwambia mnana, "kwamba adabu yake nimeipokea."

"Baba mkwe amepokea adabu yako," mnana ananiambia.

"Mwambie namshukuru. Mwambie naomba apishe kidogo nimtazame mwanangu."

"Anaomba upishe kidogo."

"Mwambie siwezi, nina kazi."

"Anasema ana kazi, mama."

Nasikia kazi yenyewe. Udongo unapigwa, unasawazishwa, unapigwa tena.

Kinachotakiwa ni kugeuka tu. Naiambia shingo igeuke. Haigeuki. Wala siogopi. Shingo imefundishwa tangu siku ya ndoa, na aliyeifundisha hakuniambia siku ya kuacha.

"Mama," anasema Tusekile, "niangalie."

"Nakuja, mwanangu. Akishapita baba tu."

"Hapiti, mama. Mti ni wake."

"Vumilia kidogo."

"Mama, ni giza huku."

Nasikia ndege wanatua kwenye matawi, wengi sana, halafu nasikia mlio wa picha, kach, kach, kach. Kunguru mwenye koti anawanong'oneza wageni. "Pigeni haraka. Ni vigumu sana kumpata ametulia hivi. Angalieni mgongo. Mzuri, au sio?"

"Mzuri," wageni wanasema.

Mimi nimesimama na kitenge usoni, nalia taratibu, nisije nikaharibu adabu.

Halafu panakuwa kimya, na shingo inageuka yenyewe, kirahisi kabisa. Hondohondo hayupo. Mti ni mzima, gome lake laini, huwezi kujua kama uliwahi kuwa na tundu. Nalipiga kwa ngumi. Halitoi sauti ya kitu kilicho wazi ndani.

Mnana anasafisha karai lake.

"Usilie, mama," anasema. "Na wewe sasa tumeshakuzoea. Karibu wakati wowote."

Nikaamka. Kulikuwa kumeanza kupambazuka. Nilikimbia chumba cha pili bila viatu, nikamkuta Tusekile kitandani amelala, anapumua vizuri. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Nikakaa chini nikamtazama uso wote, paji, pua, mdomo, kila kitu, nikasema, "Huyu ni wangu," ingawa kusema huko kulikuwa kumechelewa.

Blanketi lilikuwa limepanda, nikalishusha nimfunike miguu. Vidole vya miguu yake vilikuwa vimeshika ubao wa kitanda. Vyote, vimejikunja kuuzunguka na kujifunga, kama kuku aliyelala juu ya fito. Nikajaribu kukinyoosha kile kidogo. Kikazidi kukaza. Mwenyewe alikuwa usingizini.

Wenzangu wenye watoto, mimi sina jingine la kuwapa isipokuwa haya:

Msipige picha ndege aliye kwenye kiota.

Msimwache mtoto atulie mpaka ndege wamzoee. Apige kelele, akimbie, avae nyekundu.

Mtoto asipoitika, msiite mara ya pili kutoka jikoni. Nendeni.

Msimpe mtu mgongo kwa ajili ya heshima mtoto akiwa upande wake.

Vidole msivinyooshe kwa nguvu.

Na dirisha la chumba chake msilifungue asubuhi kabla hajaamka na kuwatajia jina lake mwenyewe.